Ua la yungi kwenye beji ya skauti: limetoka wapi, ni la nani?

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni fundi wa kutarizi foronya na vitambaa hapa Tanga. Mwanangu ameingia skauti, akarudi nyumbani na beji yenye ua la petali tatu. Shemeji yangu kasema hilo ni ua la Kanisa la Ufaransa, ni msalaba uliofichwa, mtoto wa Kiislamu asilivae. Jirani naye anadai ni alama ya Frimasoni. Ua hilohilo nimeliona kwenye fulana ya timu ya Marekani na kwenye mageti ya watu, na sasa kuna mteja anataka nimtarizie kwenye mito ya sebuleni. Asili yake ni nini? Mtoto avae, na mimi nitarizi?

Jibu: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Nianze na lile linalokuumiza kichwa: mtoto avae. Ua lile si msalaba, na si alama ya Frimasoni. Skauti walilitoa kwenye dira, mahali lilipokuwa likionyesha kaskazini. Hata hivyo shemeji yako hakuota. Amesikia kipande cha habari ya kweli, akakibandika pasipo pake. Ua hili limepita mikono mingi, na kila mkono ulilitia maana yake: wapo waliolitia dini, wapo waliolitia ufalme, na wapo waliolitumia kwa ukatili ambao hata watu wa pwani yetu uliwagusa. Hayo nitayaeleza kwa urefu. Hukumu ya kidini yenyewe mwulize shekhe wako, maana mimi ni mtu wa nembo, mihuri na sarafu. Ila uende kwake ukiwa na habari kamili mkononi.

Wafaransa huliita fleur de lys, nasi tuliite yungi. Petali ya kati imesimama wima kama ncha ya mkuki, mbili za pembeni zimejipinda kwa nje, zote tatu zimefungwa kiunoni kwa mshipi, na chini ya mshipi vinachomoza vikia vifupi. Wewe fundi wa maua utakuwa umeshaona tatizo: yungiyungi la kweli halina umbo hilo. Ua linalolikaribia zaidi ni airisi ya manjano, inayoota kwenye vinamasi na kingo za mito ya Ulaya. Airisi ina petali tatu za kusimama na tatu za kuanguka, na ukiitazama kwa mbele unaona moja wima katikati na mbili zimelala pembeni. Wapo pia waliodai kwamba si ua kabisa, bali ni kichwa cha mkuki, na hata nyuki. Mwaka 1653 huko Tournai lilifukuliwa kaburi la Childeric, mfalme wa kale wa Wafaranki, watu walioipa Ufaransa jina, likakutwa na nyuki wengi wa dhahabu, na watu wakaanza kusema yungi ni nyuki aliyechorwa vibaya. Mimi nasimama na airisi, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

Maua ya petali tatu yalichorwa zamani sana, kabla ya Ufaransa kuwapo. Yako kwenye nakshi za Misri ya kale na za Mesopotamia. Usidanganyike ukaunganisha yote hayo kwa mnyororo mmoja, kama wanavyopenda kufanya watu wa mitandaoni. Umbo rahisi na la kupendeza hubuniwa mara nyingi na watu wasiojuana. Jambo litakalomshangaza shemeji yako ni hili: katika karne ya 12, umbo hilohilo lilipambwa Dimishki kwenye madrasa ya Nuruddin Zengi, mtawala wa Kiislamu aliyepigana na majeshi ya Msalaba, naye ndiye aliyemtangulia Salahuddin. Baada yake masultani wa Kimamluki waliotawala Misri na Shamu walilipiga kwenye sarafu zao za shaba. Kwa hiyo wakati wafalme wa Ufaransa wanaanza kulishona kwenye mavazi yao, upande wa pili wa vita lilikuwa tayari ukutani.

Sasa tuingie Ufaransa, maana huko ndiko lilikopatia jina na ukubwa. Hadithi waliyosimuliana ni kwamba Clovis, mwana wa yule Childeric, mfalme wa Wafaranki aliyebatizwa Reims mwishoni mwa karne ya 5, alikuwa na ngao yenye vyura watatu, malaika akashuka akaibadilisha ikawa na mayungi. Ni hadithi tamu, lakini ilitungwa karne ya 14, takriban miaka 850 baada ya Clovis kuzikwa, wakati wafalme walipohitaji kuwaonyesha wapinzani wao kwamba taji lao limetoka mbinguni. Ngao za ukoo zenyewe hazikuwapo zama za Clovis. Zilianza Ulaya Magharibi katika karne ya 12, wapiganaji walipoanza kujifunika chuma hadi usoni na ikawa lazima mtu atambulike kwa rangi na picha.

Historia yenye ushahidi inaanzia hapo. Louis wa 7, aliyetawala kuanzia 1137 hadi 1180, alikuwa mtu wa ibada sana, na zama zake ndipo yungi lilipoanza kuwa alama ya nyumba ya kifalme. Kwa Wakristo wa wakati huo yungiyungi jeupe lilikuwa ua la Bibi Mariamu, ishara ya usafi wake, na buluu ikawa rangi ya joho lake katika michoro. Mfalme aliyejiweka chini ya ulinzi wa Mariamu akachukua vyote viwili: maua ya dhahabu juu ya uwanja wa buluu. Ushahidi wa kwanza wa uhakika wa ngao hiyo uko kwenye muhuri wa lakiri wa mwaka 1211, wa mwana wa mfalme ambaye baadaye alitawala kama Louis wa 8. Mayungi yalikuwa mengi, yametawanywa ngao nzima bila hesabu kama nyota. Mwaka 1376 mfalme Charles wa 5 akayahusisha mayungi matatu na Utatu Mtakatifu, na tangu hapo ngao ya Ufaransa ikawa ya matatu: mawili juu, moja chini.

Hapo shemeji yako ana hoja, na tumpe haki yake. Kwa mfalme wa Ufaransa wa karne ya 14, mayungi matatu yalikuwa tamko la imani yake. Lakini hata hapo halikuwa alama ya Kanisa. Mwenyewe alikuwa mfalme. Ilikuwa kama hati ya kumiliki: nani ana haki ya kutawala Ufaransa? Mwaka 1340 Edward wa 3 wa Uingereza alipodai kuwa yeye ndiye mrithi halali wa taji hilo, alichofanya ni kuyatia mayungi katika ngao yake mwenyewe, mbele ya simba wake. Vita vilivyotokana na dai hilo ndivyo vinavyoitwa Vita vya Miaka Mia. Mwaka 1429, mfalme wa Ufaransa alipotaka kuishukuru familia ya Jeanne d'Arc, binti wa shamba aliyeongoza majeshi yake, aliipa unasaba, ngao yenye upanga katikati ya mayungi mawili, na jina jipya lililotokana na ua hilo. Waingereza kwa ukaidi wao waliendelea kuyabeba mayungi ya Ufaransa hadi tarehe 1 Januari 1801, ilhali miji yao ya Ufaransa ilikuwa imewatoka karne mbili na zaidi nyuma.

Na hata baada ya kuyatoa kwenye ngao kuu, yungi halikuwaacha. Taji la Uingereza limezungukwa na misalaba minne na mayungi manne, kwa zamu. Kama bibi yako alitunza senti kumi ya zamani yenye tundu, ile ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni, itazame: juu ya tundu kuna taji hilo. Babu zetu wamelifunga yungi kwenye pindo la kanga na kwenye kibindo cha shuka miaka na miaka, wakanunulia chumvi na mafuta ya taa, na hakuna aliyebadili dini kwa ajili yake.

Italia lina ukoo mwingine. Yungi la mji wa Firenze ni jekundu juu ya nyeupe, na katikati ya petali zake vinachomoza vijiti vya chavua, jambo ambalo la Ufaransa halina. Zamani rangi zilikuwa kinyume, ua jeupe kwenye nyekundu. Kundi la Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, lilipowafukuza wapinzani wao katikati ya karne ya 13 ndipo likazigeuza. Mwaka 1252 mji huo ulianza kutoa sarafu ya dhahabu yenye yungi upande mmoja na Yohana Mbatizaji upande wa pili, florini, na wafanyabiashara wa Ulaya nzima wakaiamini. Leo mashabiki wa Fiorentina ndio wanaolibeba kifuani.

Sasa nifike mahali ambapo watu wengi wanaoandika habari za ua hili hupapita haraka.

Ufaransa ilikuwa na desturi ya kuwapiga wahalifu chapa ya yungi kwa chuma cha moto, begani, ili ijulikane wakati wote kwamba mtu huyu mwili wake umepitiwa na mkono wa mfalme. Mwaka 1685 Louis wa 14 alitoa sheria ya kuendesha utumwa katika visiwa vyake vya Karibi. Kifungu chake cha 38 kilisema mtumwa atakayetoroka kwa mwezi mmoja akatwe masikio na apigwe chapa ya yungi bega moja. Akitoroka mara ya pili akatwe mshipa wa nyuma ya goti na apigwe chapa bega la pili. Mara ya tatu auawe. Mwezi Desemba 1723 sheria ya namna hiyo, yenye adhabu hiyo, ilitolewa kwa visiwa viwili vya Bahari ya Hindi: Bourbon, ambayo leo ni Réunion, na Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Mwaka 1724 ikafuata ya Louisiana.

Visiwa hivyo viwili vya Bahari ya Hindi vililimwa na watu waliotolewa Madagaska, Msumbiji, na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Fikiria maana yake: mtu aliyetolewa bara, akashushwa Kilwa, akavushwa bahari hadi mashamba ya Île de France, akijaribu kutoroka alikuwa chini ya sheria iliyoagiza ua hili lichomwe kwenye nyama yake. Ikiwa yuko mtu mwenye sababu ya kulichukia yungi kwa haki, sababu iko hapa, na wala haihusiani na msalaba. Mimi hukasirika kidogo ninapoona vitabu vya nembo vyenye picha nzuri za dhahabu na buluu vikiacha ukurasa huu. Mtoto wako akikua, mweleze.

Ufaransa yenyewe ililitupa. Mapinduzi yalipopamba moto baada ya 1789, mayungi yalikwanguliwa kwenye kuta, mabango na mihuri. Napoleon alipojitawaza hakutaka ua la wafalme waliopinduliwa. Alichukua tai, na kwenye majoho yake akatia nyuki, wale wa kaburi la Childeric. Ukoo wa Bourbon, ule wa wafalme waliopinduliwa, uliporudi madarakani ukarudi na mayungi yake, na mwaka 1831 mfalme Louis-Philippe, aliyekuwa mjanja wa kusoma upepo, akayaondoa kwenye ngao yake mwenyewe. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1873. Bunge la Ufaransa lilikuwa na wafuasi wengi wa ufalme, taji likawa tayari, na mrithi wa Bourbon, Mtemi wa Chambord, alichotakiwa kukubali ni bendera ya rangi tatu ya mapinduzi. Akakataa. Alitaka bendera nyeupe ya babu zake. Akakosa ufalme kwa sababu ya kitambaa, na Ufaransa imebaki jamhuri hadi leo. Kwa hiyo ukitaka kuona yungi la Bourbon likiwa bado kazini serikalini, nenda Uhispania: mayungi matatu yamo katikati ya ngao iliyo kwenye bendera yao, kwa kuwa mfalme wa huko ni wa ukoo huohuo.

Kwingine lilibaki mikononi mwa watu ambao hawana mfalme wa Kifaransa wala hawamtaki. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipandisha bendera yake tarehe 21 Januari 1948: msalaba mweupe juu ya buluu na mayungi manne meupe. Huo msalaba, kama shemeji anautafuta, uko wazi kabisa, haukufichwa ndani ya ua. Kwa watu wa Quebec bendera ile inasema jambo moja, kwamba sisi tunazungumza Kifaransa katikati ya bahari ya Kiingereza na hatuondoki. Halafu kuna kichekesho cha wataalamu wa mimea. Mwaka 1963 jimbo lilichagua yungiyungi jeupe kuwa ua lake rasmi. Tatizo ni kwamba ua hilo si la asili ya huko. Baada ya miaka mingi ya malalamiko, mwaka 1999 wakalibadilisha wakaweka airisi ya buluu, inayoota yenyewe kwenye maeneo yao ya majimaji, na inayofanana na nembo kuliko lile la kwanza.

Fulana uliyoiona ni ya New Orleans, bila shaka kama ua lilikuwa la dhahabu na nyeusi. Mji huo uliasisiwa na Wafaransa mwaka 1718, na timu yake ya mpira wa Kimarekani, Saints, ilitangazwa tarehe 1 Novemba 1966, siku ya Watakatifu Wote kwa Wakatoliki. Wengi walilijua yungi kama nembo ya timu, hadi kimbunga Katrina kilipoukumba mji Agosti 2005 na maji yakajaa mitaani. Walionusurika na waliotawanyika majimbo mengine walianza kulichora ukutani, kulivaa shingoni, kulichanja mwilini, kama mtu anayesema kwetu bado kupo. Mwaka 2008 Louisiana ikalifanya alama rasmi ya jimbo. Miaka ya karibuni Wamarekani weusi wa hukohuko wamesimama kukumbusha ile sheria ya 1724 na lile chuma cha moto. Wapo waliolivua. Wapo waliosema wataendelea kulivaa kwa sababu mji ni wao pia na ua ni lao. Sioni kama upande wowote umekosea.

Bosnia ni mfano mkali zaidi. Wafalme wake wa zamani wa ukoo wa Kotromanić, ambao Tvrtko wa 1 alivikwa taji la ufalme mwaka 1377, walikuwa na mayungi ya dhahabu kwenye ngao yao. Nchi ilipojitangazia uhuru mwaka 1992 ikairudisha ngao hiyo kwenye bendera: mayungi sita. Vita vilipoanza, yungi likawa alama ya jeshi la serikali, ambalo wengi wake walikuwa Waislamu wa Bosnia. Likashonwa kwenye mikono ya magwanda yao, na likachongwa kwenye mawe ya makaburi ya mashahidi wao. Waserbia na Wakroati wa huko wakaliona kuwa ua la upande mmoja, na mwaka 1998 nchi ikapewa bendera mpya, pembetatu ya manjano na nyota, isiyo na ua la mtu. Mwambie shemeji kwamba katika Ulaya ya leo yupo Mwislamu ambaye yungi ni ua la kaburi la baba yake, na akiambiwa kwamba ni la Wakristo atashangaa sana.

Turudi kwenye beji. Robert Baden-Powell alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza nchini India mwaka 1897 alipoanza kuwapa askari wapelelezi aliowafundisha beji ya yungi. Mwaka 1907 alipowapeleka vijana wapatao 20 kwenye kambi ya kwanza kisiwani Brownsea, aliwapa yungi la shaba. Kuna waliomshambulia wakati huohuo kwamba anawavisha watoto ncha ya mkuki, alama ya kumwaga damu. Akajibu kwamba analitoa kwenye dira na ramani, ambako linaonyesha njia.

Alisema kweli. Wachora ramani wa Ureno ndio walioanza kuweka yungi upande wa kaskazini wa waridi la dira, yaani mchoro wa ramani unaoonyesha pande za dunia. Chati ya Pedro Reinel ya mwaka 1504 hivi ndiyo ya zamani inayotajwa zaidi. Ni zama zilezile meli za Kireno zilipokuwa zikiingia Kilwa na Mombasa, kwa hiyo ukitazama ramani zao za bahari yetu utalikuta. Na hapa pana jambo linalomaliza ubishi wa nyumbani kwako: kwenye dira hizo za zamani msalaba ulikuwapo, lakini uliwekwa mashariki, upande wa Yerusalemu kwa mtu aliye Ulaya. Kaskazini liliwekwa ua. Skauti wakachukua la kaskazini. Kwa mtu aliye Tanga, Maka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo ua la dira hiyo likielekea mahali pake linaelekea kibla.

Kwa skauti wenyewe petali tatu ni sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu, wajibu kwa wengine, wajibu kwa nafsi. Kila mtoto anamtaja Mungu wa dini yake. Nyota mbili zenye ncha tano tano zinajumlisha kumi, hesabu ya kanuni za skauti. Kwenye nembo ya dunia ua ni jeupe juu ya zambarau, limezungukwa na kamba yenye fundo, kwa maana ya umoja. Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi yoyote na skauti wengi kupindukia, ilipounda chama chake ilichagua nembo ya nazi iliyochipua, jambo ambalo sisi watu wa pwani tungeweza kulionea wivu, ila kwenye mambo ya kimataifa nao wanavaa yungi. Wasichana wa Girl Guides wana jani la sehemu tatu, si yungi; usichanganye. Baden-Powell mwenyewe hakuzikwa Uingereza. Aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, Kenya, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko hapohapo, linazuriwa na skauti wa kila dini.

Kuhusu Frimasoni nitakuwa mfupi, maana hakuna kingi cha kusema. Alama yao ni bikari na skwea ya fundi, wanaitangaza wenyewe kwenye milango ya majengo yao. Kinachowachanganya watu ni riwaya na filamu zilizolihusisha yungi na chama cha siri kinachodaiwa kuwapo tangu Vita vya Msalaba. Chama hicho, Prieuré de Sion, kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956, na ukale wake ulikuwa wa kughushi. Ya mageti ni mepesi zaidi: vile vichwa vya chuma huuzwa vimeshatengenezwa, fundi wa kuchomelea anachagua chenye ncha kwa sababu mwizi haruki juu yake kwa raha, na mwenye nyumba anakipenda kwa sababu kinapendeza. Usitafute zaidi ya hapo.

Basi mito ya mteja. Tarizi bila wasiwasi, kwa kuwa yungi tupu halina mwenyewe, na hata kwenye simu yako limo kati ya vikaragosi, ⚜. Usichotarizi kwa kuuza ni nembo kamili ya skauti, yenye kamba na zambarau, wala ile ya Saints, maana hizo zimesajiliwa kibiashara na zinahitaji ruhusa. Kama anataka la kifalme, weka uzi wa dhahabu juu ya buluu iliyokoza, yawe mengi yaliyotawanyika au matatu, mawili juu na moja chini. Akitaka la Firenze, jekundu juu ya nyeupe, na usisahau vile vijiti vya chavua. Mshipi wa kiunoni ushonee mwisho, baada ya petali, ili uzi wake ukae juu. Ukianza nao petali zitaonekana zimeegeshwa badala ya kufungwa.